Aliyeshikiwa Geti

Lorna Petrie si mwoga, na uongo si wake. Nalisema hilo mapema ili tusisumbuane mbele. Amefuga kondoo maisha yake yote huku kusini mwa Nyuzilandi, amewazalisha kwa mikono yake theluji ikimfika magotini, na mumewe amemzika bila kuegemea bega la mtu. Mwanamke wa namna hiyo akikusimulia jambo lililomtisha, unaacha kazi zako unasikiliza. Mimi nilisikiliza. Naishi Kilbrae, ua kwa ua na binti yake, na sehemu ya mwisho ya habari hii niliiona kwa macho yangu.

Aliondoka Drumlaw asubuhi moja ya Aprili, asubuhi nzuri tu, jua jembamba na miti ya mipopla imegeuka manjano. Njia inaanzia pale ilipokuwa stesheni. Reli ziling'olewa zamani, mataruma yakaenda kuwa nguzo za mazizi, pakamwagwa kokoto, na sasa watu hupita na baiskeli, mahema yao yamefungwa nyuma, kuvuka milima hadi huku kwetu. Rafiki yake Beryl alikuja kumsindikiza. Akaizunguka ile baiskeli akiiminyaminya mifuko kama anayenunua kuku.

"Hema, jiko, sufuria, blanketi. We Lorna, unasafiri au unahama?"

"Nasafiri."

"Peke yako. Na umri huu."

"Umri huu ndio wa kwenda peke yako. Nani ataniambia nipunguze mwendo?"

"Makalio yako. Subiri jioni, yatakueleza."

Wakacheka mpaka Lorna akafuta machozi. Beryl akamtilia mfukoni mikate ya jibini iliyoviringishwa, bado ya moto, halafu akashusha sauti.

"Ukifika, utamwambia nini Katriona?"

Lorna akajifanya anakaza mkanda wa mfuko. "Sijui. Ndiyo maana naenda kwa baiskeli."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mumewe alipofariki, Lorna aliliuza shamba bila kumuuliza binti yake wa pekee, na Katriona alikuwa amekua akijua kwamba lile shamba litakuwa lake. Yakasemwa maneno. Yale maneno ambayo ukishayatoa, hata ukipiga magoti hayarudi mdomoni. Simu ikanyamaza, miaka ikapita. Kisha, wiki ile, ukaja ujumbe mfupi kutoka Kilbrae: Mtoto amezaliwa. Anaitwa Ewan. Ukitaka kumbeba, njoo.

Kwa gari ni mwendo wa asubuhi moja, na asubuhi moja haimtoshi mtu kumeza kiburi chake. Kwa baiskeli ni siku mbili. Lorna alizihitaji zote mbili, naye akamwandikia Katriona siku atakayofika. Alikuwa hana haja na kitu kingine duniani, ila kumbeba mjukuu wake. Ananiambia usiku wa kuamkia safari alisimama jikoni kwake na mfuko wa unga mkononi, anaupakata, anaupigapiga mgongoni. Alijiona mjinga, lakini hakuuweka chini upesi.

Basi akaenda. Kokoto zikasaga chini ya magurudumu, mwewe wakazunguka juu, kondoo wakamtazama kwa dharau yao ya siku zote. Na kila baada ya mwendo kidogo, geti.

Hapa lazima niseme neno kuhusu mageti. Njia ile inakatiza mashamba ya watu, na kwa watu wa kondoo geti ni dini. Ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi. Na mtu akija nyuma yako, unalishika mpaka apite. Huku kwetu unaweza kumtukana mtu mkafika kanisani mkapatana, lakini umwache mtu anahangaika na geti nawe umesimama unaangalia? Hilo litasemwa siku ya mazishi yako. Mtoto hajajua kufunga viatu, tayari anajua kushika geti.

Mchana Lorna alianza kupanda kuelekea kwenye handaki, pale treni zilipokuwa zikipita chini ya mlima, na huko juu ukungu ukamshukia. Ukungu mzito, mweupe, wa kumficha mtu vidole vyake. Mbele ya handaki kuna geti la chuma, la kuzuia kondoo wasiingie kujikinga na mvua. Akalifungua, akapitisha baiskeli, akalifunga, komeo likalia: kap. Akasogea mbele kidogo, akasimama kutafuta tochi.

Nyuma yake, komeo likalia tena. Kap.

Akageuka. Aliona ukungu tu. Komeo likanyanyuliwa, likaponyoka, likaanguka. Kap. Likanyanyuliwa tena. Ulikuwa mlio wa mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi, anajua la kufanya ila mikono haimtii. Lorna aliujua mlio ule. Amewahi kuwa na mikono kama ile.

"Subiri, dada, naja!" akaita. Kwa nini alisema dada, mpaka leo hajui.

Akaiegemeza baiskeli kwenye mwamba, akarudi, akafungua geti na kulishika kwa nyonga, kama alivyolishika mara elfu maishani mwake. "Pita, mpenzi. Usione haya, pita tu."

Hapakuwa na mtu.

Alingoja. Ukapita ubaridi mbele ya uso wake, na ndani ya ule ubaridi harufu ya makaa ya mawe yaliyolowana. Halafu geti likaondoka nyongani mwake. Halikusukumwa, wala upepo haukuwepo. Lilipokelewa, taratibu, kama mtu mwenye adabu anavyokupokea geti ili usichoke kulishika.

Lorna akabaki mikono hewani. Kisha akajicheka kwa sauti. "Ukungu umekuingia kichwani, mama." Akafunga, akachukua baiskeli yake, akaingia handakini.

Mle ndani ni giza hata saa sita mchana. Akawasha tochi, akaikokota baiskeli. Ilikuwa nzito. Akaangalia magurudumu, yalikuwa na upepo wa kutosha. Akaendelea. Kokoto zililia chini ya buti zake, na kokoto nyingine zikalia nyuma. Mwangwi, akajiambia. Akasimama.

Zile hatua hazikusimama pamoja naye. Ilikwenda moja, ikaenda ya pili, ndipo zikasimama. Kama za mtu ambaye hakutegemea usimame.

Hakutazama nyuma. Alitembea akikaza macho kwenye ule mwanga mdogo wa mbele, na ulipokua mkubwa akakimbia, baiskeli ikimvuta mikono. Nje kuna geti jingine. Akafungua, akapita, akalivuta kulifunga.

Halikufunga. Lilikwama nusu, limezuiwa na kitu ambacho hakipo. Lorna alivuta. Geti likakaa vile vile, muda wa mtu kupita bila haraka. Kisha likaachiwa. Kap.

Sasa akapanda baiskeli, akateremka mlima kama mwendawazimu. Huko chini, ukungu ulipopasuka, kuna banda la zamani la mizigo ambapo Nettie Greig huuza chai dirishani. Nettie ni mama mnene, mchangamfu, mdomo haupoi. Alimwona Lorna anaingia uani mwake anahema.

"He! Nani anakukimbiza, bibie? Zunguka mlangoni uingie ndani, kuna moto humu. Umepauka kama mkate wa hospitali." Tayari alikuwa anautoa mkono kufungua komeo la mlango.

Mkono ukaishia njiani. Nettie alikuwa anatazama nyuma ya bega la Lorna. Geti la ua wake lilikuwa linajifunga. Polepole. Likasita katikati, likamalizia.

Nettie akapangusa mikono kwenye aproni. Aliposema, alinong'ona. "Kule handakini. Ulimshikia mtu geti?"

"Nilisikia kama kuna mtu..."

"Nimekuuliza, ulimshikia?"

"Ndiyo."

Nettie akasukuma komeo la mlango wake kwa ndani. "Basi chai utanywea hapo hapo nje. Nisamehe, dada. Nina wajukuu humu."

Akamsimulia kupitia dirishani, macho yake yakiwa uani muda wote. Zamani za treni, mlinzi wa geti lile alikuwa mwanamke mjane. Aliishi na kichanga chake ndani ya kibanda upande wa pili wa uzio. Siku moja theluji ilianguka vibaya. Alitoka kuipitisha treni, na aliporudi komeo lilikuwa limeganda. Akalinyanyua, likamponyoka. Akalinyanyua tena. Abiria walimwona anapunga mikono, wakadhani anawasalimu. Wakampungia nao, wengine wakitabasamu.

"Na mtoto?" Lorna aliuliza.

"Hawakumwahi. Wala yeye."

Chai ilikuwa inapoa.

"Hawezi kujifungulia geti mwenyewe, unaona," Nettie akasema. "Mpaka afunguliwe. Sisi wa hapa kila mtu pale hujifungulia na kujifungia, hata nyuma yako awe mama yako mzazi."

"Mbona hamkuweka bango?"

"Tuandike nini, dada? Tuambie wewe, tuandike nini?"

"Anataka nini?"

Nettie alimtazama kwa huruma ambayo Lorna hakuipenda hata kidogo. "Anatafuta mtoto wake. Popote utakapofunguliwa wewe, naye kafunguliwa. Sasa niambie. Unakwenda kwa nani?"

Lorna aliacha kikombe dirishani, akapanda baiskeli na kuondoka kwa hasira. Upuuzi! Mwanamke mzima, mwenye akili zake, anasimuliwa hadithi za kutishia watoto. Alijiambia hivyo geti la kwanza, akajiambia hivyo geti la pili. La tatu alilifungua kidogo tu, akajipenyeza na baiskeli, akalibamiza haraka kwa nguvu zake zote. Lilisimama kabla ya kugonga nguzo. Likangoja. Kap. Baada ya hapo hakujiambia kitu.

Usiku wake Lorna hausimulii, nami sikumdodosa. Anachosema ni kwamba hema lilikuwa la mtu mmoja, na hakupata nafasi ya kujinyoosha.

Asubuhi alijua. Hakuwa na shaka tena, na ajabu ni kwamba hofu ya nafsi yake ilikuwa imekwisha. Ilibaki moja tu, ya mjukuu. Angeweza kugeuza baiskeli pale pale, na Katriona angekaa getini kwake mchana kutwa, halafu angeingia ndani akijua kwamba mama yake bado ana kinyongo. Hilo Lorna hakuliweza. Akapanga hivi: nitafika, nitamwona kwa nje, nitamwomba msamaha kwa nje, halafu nitamrudisha huyu alikotoka. Hata kama sijui namna. Geti la Katriona halitafunguliwa.

Alifika Kilbrae mchana, jua linawaka. Nilikuwa bustanini nang'oa viazi, nikamwona anakuja akiikanyaga baiskeli kwenye tambarare kama mtu anayepanda mlima. Njia inapita nyuma ya nyumba zetu kabisa, na geti la Katriona linafungukia kwenye njia yenyewe, geti dogo jeupe. Mume wake Tama alikuwa kazini, anakata manyoya ya kondoo. Katriona alikuwa uani na mtoto begani. Alipomwona mama yake, uso wote ukafunguka.

"Mama! Umekuja! Jamani, umekuja kweli!" Akaja mbio, mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine umetangulia kwenye komeo.

Lorna akaitupa baiskeli chini, akalidaka lile komeo kwa mikono yote miwili akiwa upande wa nje. Akalikandamiza.

"Usifungue."

Katriona akacheka kidogo, hakuelewa. "Mama, acha basi. Nakufungulia."

"Usifungue, mwanangu. Nakuomba kwa jina la baba yako. Mwinue tu nimwone."

Katriona akamwinua, polepole, uso wake ukianza kubadilika. Ewan alikuwa na nywele nyeusi za Tama na kidevu cha marehemu babu yake. Alipiga miayo. Lorna alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na mikono yake ilikuwa kwenye komeo, haiwezi kuondoka. Nimeona watu wakizika wapendwa wao. Sijawahi kuona uso kama ule.

"Mzuri," akasema. "Mzuri jamani. Katriona, lile shamba... nilikosa. Nilipaswa kukuuliza. Nilikosa."

"Basi ingia."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuingia. Siwezi leo."

Katriona akarudi nyuma hatua moja. Machozi yalimtoka yakiwa na hasira ndani yake. "Umeendesha baiskeli siku mbili, umevuka milima, kuja kunionyesha kwamba nyumbani kwangu huingii?"

"Si hivyo, mama yangu. Nikikueleza hutaniamini. Nitarudi, naapa. Niahidi tu hutafungua."

Katriona hakuahidi. Aligeuza uso, akambana mtoto kifuani.

Lorna akaokota baiskeli. Aliipanda huku analia kwa sauti, mwanamke yule ambaye hakulia makaburini, akageuka kurudi alikotoka. Alikanyaga kwa shida. Nzito, ananiambia, ilikuwa nzito, na kwa mara ya kwanza uzito ule ulimpa moyo. Alijua anaondoka naye.

Laiti Katriona angekuwa mtoto wa watu wengine. Angeingia ndani, angebamiza mlango, angelia kitandani. Lakini alilelewa na Lorna, na alilelewa vizuri. Hilo ndilo kosa lake lote. Hakuweza kumwacha mama yake aondoke hivyo. Nilimwona akisimama, akipangusa uso kwa mkono wa sweta, kisha akakimbia. Akafungua geti, akalishika kwa nyonga, mtoto mkononi, akaita kwa nguvu zote.

"Mama! Rudi! Geti liko wazi, mama! Rudi!"

Huko mbele, baiskeli ya Lorna ikawa nyepesi.

Ikawa nyepesi ghafla, mpaka gurudumu la mbele likayumba naye akaanguka. Alipiga ukelele. Mimi nilidhani ni wa kuanguka.

Nikatazama getini kwa Katriona. Alikuwa bado amelishika, anamtazama mama yake, anatabasamu na kulia. Nikaona geti likitoka nyongani mwake. Taratibu. Yeye hakulitilia maanani. Alidhani ni upepo. Siku ile majani ya mipopla yalikuwa yametulia kabisa.

Lorna alirudi kwa miguu, mbio, goti linavuja damu, akaingia uani bila kusema neno. Katriona akadhani ni mapatano, naye akamtilia mtoto mikononi. "Haya, bibi. Mbebe." Lorna akambeba. Alimkagua vidole, alimkagua masikio, alimnusa. Mtoto alikuwa mzima. Ila hakuwa anamtazama bibi yake. Alikuwa anatazama hewani, pembeni kidogo ya shavu la Lorna, na anacheka.

Jioni ile walimlaza kidogo tu, wakaenda kuteleka chai. Waliporudi, Ewan alikuwa amefungwa. Amefungwa kitambaa cha sufu ya kijivu, chakavu, kimezungushwa kuanzia mabegani hadi miguuni, mikono ndani, na fundo kifuani. Katriona alidhani ni mama yake. Lorna alimtazama Katriona. Kitambaa kilikuwa kimelowa maji ya baridi na kinanuka makaa, na mtoto ndani yake alikuwa amelala fofofo, amestarehe.

Tangu hapo Ewan hawekwi chini. Lorna alihamia kwao, na humbeba yeye mchana, Tama akirudi humpokea, Katriona humpokea Tama. Hupokezana hivyo hivyo, usiku na mchana, na zamu ndefu ni ya Lorna. Mikono yake imevimba. Juzi nilimwambia, pumzika shoga, mlaze hata dakika moja. Akaniuliza, "Nimlaze ili abebwe na nani?" Sikurudia kumwambia.

Kile kitambaa nilikichukua mimi, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukiona nyumbani mwao. Sikuthubutu kukichoma. Nilikikamua, nikakianika kwenye uzio wangu, juani. Kiangazi chote kimepita na bado kinadondosha maji. Leo asubuhi nilikwenda kukiangalia. Nilikuwa nimekitandaza wazi, nakumbuka vizuri. Nimekikuta kimezungushwa tena na kufungwa fundo, kitupu ndani, na duara lake ni kubwa kuliko lile la kwanza. Nilikwenda kwa jirani nikampima Ewan kwa macho, naye alikuwa mikononi mwa bibi yake. Kinamtosha sawasawa.